Mzigo wa Usiku

 

Leo nazungumza na vijana wa Dongobesh, na wale wa Haydom, Bashay, Dareda na Katesh wasogeze kiti pia. Kuna swali linazunguka vijiweni. Nimelisikia kwa dereva wa bodaboda, nimelisikia kwa binti anayeuza vocha, nimelisikia hata nje ya kanisa baada ya mazoezi ya kwaya: mtu akitaka kwenda tamasha la muziki, lile la kulala kwenye mahema, na hajawahi kwenda, abebe nini?

Tamasha wanalolitaja ni la Jinja, Uganda. Linaitwa Nyege Nyege, na najua kuna mama hapo jikoni ameshaigeukia redio. Mama, tulia. Kwa Waganda ni ile hamu inayompanda mtu ghafla ya kucheza, basi. Nimelitaja mara moja, inatosha. Kuanzia sasa nitasema tamasha la Jinja.

Lilianza mwaka 2015 kandokando ya mto Nile. Ni siku nne mfululizo, majukwaa kadhaa, na muziki haujui kulala. Mahali penyewe huhama: mwaka 2022 lilifanyika kwenye maporomoko ya Itanda, mwaka 2024 likawa Kalagala. Na kinachowavuta vijana wetu zaidi ni kwamba singeli ya Dar es Salaam, ambayo hapa nyumbani watu wengine waliiita kelele za uswahilini, kule ilipewa jukwaa na heshima mapema, wasanii wake wakatoka hapo kwenda kupiga Ulaya. Kwa hiyo kijana wa Dongobesh anayetaka kusikia muziki wa nchi yake ukishangiliwa na Waganda, Wakenya, Wakongo na Wazungu, safari ni ya kaskazini magharibi.

Kabla ya begi niwaambie kitu kimoja, maana nimesikia mzee akisema mambo haya ni ya watu wa mjini. Mzee wangu, mambo haya yameanzia zizini. Agosti 1969, vijana zaidi ya laki nne walikusanyika katika jimbo la New York, Marekani, kwa tamasha la Woodstock. Walikusanyika kwenye shamba la Max Yasgur, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwaka uliofuata, Septemba 1970, mfugaji mwingine wa maziwa, Michael Eavis wa Somerset, Uingereza, aliita wanamuziki shambani kwake. Kiingilio kilikuwa pauni 1, na maziwa ya bure juu yake. Hiyo ndiyo Glastonbury, ambayo siku hizi inapokea watu laki mbili na zaidi. Shamba lile bado lina ng'ombe, na kila baada ya miaka kadhaa tamasha linasimama mwaka mzima ili majani yapumzike. Walipumzisha 2018, na 2026 ni zamu nyingine. Mfugaji wa Kiiraqw ukimweleza hivyo atakuelewa hujamaliza hata kusema.

Sasa begi.

Mgeni wa tamasha hufungasha mchana. Anaweka miwani ya jua, kofia, viatu vyeupe, fulana kadhaa za kupigia picha. Mchana hauna shida na mtu. Mchana utanunua soda, utakaa kivulini, ukichoka utajilaza kwenye nyasi. Usiku ndio unaomvunja mgeni, hasa kuanzia saa tisa kwenda alfajiri: jasho la kucheza limempolea mgongoni, simu imezima, rafiki hajulikani alipo, kinywa kikavu, na hema lile alilolisimamisha kwa haraka jioni limekaa upande. Basi kila kitu unachotaka kutia kwenye begi kiulize kwanza: usiku utanifaa nini? Kisipojibu, kiache kabatini.

Na hapa watu wa huku juu tuna faida. Usiku wa baridi tunaujua. Mwezi wa sita na wa saba hapa Dongobesh mtu hatoki kwenda hata kwa jirani bila mgorori begani, na bibi akikukuta nje jioni na fulana tupu anakuuliza kama kwenu hakuna watu wazima. Beba mgorori huo. Nasema hivyo huku najua kuna kijana atauonea aibu, ataona ni vazi la mnadani. Kijana, mgorori ni blanketi, ni koti, ni mto, ni pazia la kubadilishia nguo, na ukilowa unakauka upesi kuliko sweta. Kule Jinja utaona watu wa mataifa mengine wamenunua mashuka ya namna hiyo kwa bei ya kitalii. Wewe lako limetoka nyumbani.

Lakini kuna jambo moja wengi hawalijui, na ningeomba mtu azime jiko la mafuta kidogo anisikilize vizuri. Baridi ya kambini inatoka chini. Mtu anabeba blanketi zito la kujifunika, chini kaweka kanga moja juu ya nyasi mbichi, halafu asubuhi anashangaa mbavu zinamuuma. Ardhi inafyonza joto la mwili usiku kucha, na lile blanketi la juu haliwezi kuizuia. Wazee wetu walitandika ngozi ya ng'ombe, na walijua wanachofanya. Wewe usibebe ngozi, utagombana na konda. Tandika turubai, juu yake maboksi yaliyokunjuliwa au mkeka, kisha kigodoro chembamba kile cha kukunja. Ukiwa na mashuka mawili, la kwanza liende chini.

Hema lenyewe, kama mtanunua, mnunue la watu watatu mlale wawili. Hema likiandikwa watatu maana yake ni watu watatu wasio na mabegi. Yale ya bei rahisi mara nyingi yana kitambaa cha tabaka moja tu, na tamasha la Jinja mwaka 2023 na 2024 lilifanyika Novemba, mwezi wa mvua kule. Lisimamisheni kwanza nyumbani, uwanjani, mbele ya watoto watakaowacheka. Limwagieni ndoo ya maji. Mtaona kwenye mishono panapovuja, na mtajua kama vigingi vimetimia. Kulisimamisha kwa mara ya kwanza gizani, muziki umeshaanza na kila mtu anataka kukimbilia jukwaani, ni kazi ya kuvunja urafiki. Na mkifika, msikimbilie pale palipo tambarare na penye nyasi laini chini kabisa ya mteremko. Palilainishwa na maji. Sihitaji kumweleza mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay maji ya mvua yanaelekea wapi.

Kitu cha kutobeba kabisa, hata mkiwa wanne na mnatetemeka wote: jiko la mkaa la kuingiza ndani ya hema. Najua tunavyoishi. Huku kwetu baridi ikizidi watu huingiza jiko chumbani, wanafunga mlango, wanasema mkaa umeshashika hauna moshi. Mkaa usiotoa moshi ndio unaoua. Hewa yake ya sumu haina harufu, haina rangi, haimkoholeshi mtu. Inampa usingizi mzito tu. Kila msimu wa baridi nchi hii inazika watu waliokutwa asubuhi hivyo hivyo, jiko katikati yao. Chumba cha matofali angalau kina nafasi juu ya mlango. Hema limezibwa lisiingize mvua. Ukisikia baridi, vaa soksi kavu, vaa kofia ya sufu, kunywa uji wa moto nje, msogelee mwenzako. Jiko likae nje, mbali na kitambaa, na lizimwe kabla ya kulala.

Nimesema soksi kavu. Weka jozi moja ambayo haitavaliwa kwa lolote ila kulala. Ifunge mahali pasipoingia maji, iwe ya usiku tu. Waliozoea kulala machungani na ng'ombe wanaijua thamani yake.

Kuhusu viatu nitasema upesi: gambuti. Kule Glastonbury mvua ikinyesha shamba lote linakuwa tope, na wasanii wakubwa na mabinti wa matajiri wanapiga picha wamevaa gambuti, imekuwa fasheni. Kijana wa Dongobesh anazo tayari, nyuma ya mlango, zina udongo wa shambani. Zioshe, uzibebe. Kandambili za kuogea ziwe pembeni, na ziandike jina, maana kandambili hazimalizi usiku wa kwanza.

Hilo la kandambili wanakwaya wanacheka, nawasikia. Maana wengi wenu mmeshakwenda kambi ya muziki msiyoiita hivyo. Kongamano la vijana, mashindano ya kwaya, jubilei ya parokia ya jirani: mnapanda Fuso au Coaster mkiimba, mnafika jioni, mnalala kwenye madarasa ya shule ya msingi, wasichana darasa hili, wavulana lile, madawati yamerundikwa ukutani. Mimi nimelala kwenye sakafu hizo. Pale ndipo nilipojua kwamba ndoo ni mali kuliko simu: ni ya kuogea, ni ya kubebea vyombo, ni kiti, na ikiwa na mfuniko ni sanduku lisiloingia mvua. Ndoo ndogo ya lita 10 yenye mfuniko ingekuwa ya kwanza kwenye mzigo wangu. Pale ndipo nilipojua kwamba anayekoroma alazwe mlangoni, na kwamba mtu mwenye sindano na uzi ni rafiki wa wote. Anayekwambia kambi ya tamasha ni ulimwengu mwingine anataka kukuuzia kitu.

Na kama unataka orodha iliyoandikwa, nchi hii inayo nzuri, inatangazwa kila mwaka. Ni ile ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa vijana waliomaliza kidato cha sita. Ondoa mambo ya rangi za bukta na fulana, hayo ni ya kijeshi, utaona hekima iliyobaki. Mashuka mawili ya kulalia. Raba za michezo. Soksi ndefu. Nguo za kuhimili baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi. Kisha mwishoni huwa kuna mstari ambao wenye kuandika makala za matamasha duniani huusahau: nauli ya kwenda na kurudi. Nauli ya kurudi! Itoe siku ile ile unayokata tiketi ya kwenda, ikunje, ishonee kwenye upindo wa suruali, uisahau. Nauli ya kurudi iliyo kwenye simu inanyweka usiku wa tatu, mtu akishapenda wimbo.

Mzigo wenyewe uweke kwenye nini? Begi la mgongoni ukiwa nalo. Usipokuwa nalo, shangazi kaja halina ubaya, tena linapendeza, ila zipu yake haiaminiki. Lifunge na kamba ya katani katikati. Ninalokuonya ni mifuko ya Rambo. Najua mtu anataka mfuko wa plastiki wa kutilia nguo zilizolowa. Kwetu imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na bado ipo huko uvunguni, msinidanganye. Kenya waliipiga marufuku kabla yetu, Agosti 2017, na adhabu iliyowekwa kule inafika shilingi milioni nne za Kenya au kifungo. Basi wewe umetoka Dongobesh, umeshuka mteremko wa Dareda, umefika Babati, Arusha, uko Namanga unajiandaa kupita Kenya kwenda Busia, na mfuko wa Rambo umechungulia kwenye begi lako. Usianze safari ya muziki kwa kujieleza. Nguo mbichi zitie kwenye kiroba cha unga kilichooshwa, ukifunge mdomo.

Tukiwa hapo Namanga tumalize habari ya makaratasi. Wakenya na Waganda wanavuka mpaka wao kwa kitambulisho cha taifa. Sisi kitambulisho cha NIDA hakituvushi. Unahitaji pasipoti, au ile hati ya muda ya kusafiria, na ofisi ya Uhamiaji haifanyi kazi kwa ratiba ya matamasha, kwa hiyo anza mapema. Cha pili ni kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda wanaitaka kwa anayeingia, na ukirudi nyumbani kutoka huko utaulizwa pia. Sindano ni moja na kinga yake siku hizi inahesabiwa ya maisha, lakini cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Anayechomwa Jumatatu akasafiri Alhamisi amejisumbua. Na kadi ile usiinunue mtaani bila sindano. Hapo unakuwa umenunua karatasi, na homa ya manjano haisomi.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe wa safari hii, ambao ni malaria. Manyara ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, na sisi wa nyanda za juu tumekua hatuumwi mara kwa mara. Watu hulichukua hilo kama nguvu. Ukweli ni kwamba mwili ambao haujazoea malaria ukikutana nayo unaanguka vibaya kuliko mwili wa mtu wa Mwanza au wa Jinja kwenyewe. Wewe unakwenda kulala siku nne kando ya Nile. Chandarua chenye dawa kina nafasi kwenye begi kabla ya fulana yoyote. Kifunge ndani ya hema hata kama hema lina wavu, maana wavu ule utaachwa wazi na mtu aliyetoka kujisaidia. Nguo ya mikono mirefu jioni, na dawa ya kupaka. Na kabla ya kuondoka uliza duka la dawa lenye mfamasia, au zahanati, kuhusu vidonge vya kujikinga kwa msafiri.

Mto wenyewe uangalie tu. Maporomoko ya Itanda yanawashinda hata wanaoendesha maboti kwa kazi, na palipotulia kuna konokono wa kichocho. Oga kwa maji ya ndoo. Nimeshasema ndoo.

Kwenye kimfuko cha dawa tia panadol, plasta, bandeji na WaterGuard ya kutibia maji. Chumvi na sukari pia, kwa sababu kuhara kambini ni jambo la kawaida na dawa yake ya kwanza haina gharama: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Dada zangu, taulo za kike zibebeni za kutosha na za ziada, hata kama tarehe zako ziko mbali. Safari na kukesha vinabadili hesabu. Na doti nzima ya kanga, msiikate. Halafu nawaambia wote, msichana kwa mvulana, bila kuzunguka: bebeni kinga. Anayesema hataihitaji atampa mwenzake.

Tochi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na iwe ya kichwani, kama zile za wachimbaji wa Mirerani. Mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine umeshika toilet pepa, tochi ya mkononi utaishika na nini? Na chooni saa nane usiku msiende mmoja mmoja. Amsha mwenzako, anune, aende na wewe.

Simu. Simu yako kubwa ya kupigia picha itazima siku ya kwanza, na foleni ya kuchaji utaiacha ukiwa umekosa nusu ya tamasha. Pawa benki inasaidia, ila na yenyewe inakwisha. Azima kitochi cha baba, kile kiswaswadu cha vitufe kinachokaa na chaji wiki nzima. Andika namba muhimu kwenye karatasi, maana hakuna anayejua namba ya mtu kwa kichwa siku hizi. Kisha mkubaliane mapema mahali pa kukutana mkipotezana, mahali pasipohama. Msiseme "pale kwenye spika", spika ziko kila mahali. Fedha nazo uzigawe sehemu mbili au tatu, badilisha kidogo mpakani kwenye duka linaloeleweka, na usitegemee kwamba wakala wa kule atakuhudumia kwa laini ya huku.

Masikio ningependa niyasemee zaidi. Singeli inakwenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, na spika za kule mtu anazisikia kifuani kabla ya masikioni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Hata kiwango hicho ni kikali. Ukisimama nacho bila kitu masikioni kwa robo saa tu, umeshamaliza kipimo cha siku ambacho wataalamu wengi wanakikubali. Sasa pigia mahesabu siku nne. Ule mlio wa nyenje unaobaki kichwani asubuhi, watu wanauchekea, ni sikio linalalamika, na vinyweleo vya ndani vikishakufa havioti tena. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, na bei yake ni ndogo. Pamba tupu haizuii vya kutosha, msijidanganye. Na faida ya pili ya vizibo ni ya usiku: bila hivyo hutalala, maana hema lako halina ukuta na jirani ana redio yake.

Chakula kule kinauzwa, na rolex ya Waganda, chapati iliyokunjwa na mayai, itawapendeza. Ila beba cha kwako cha saa zile ambazo wauzaji wamelala au bei imepanda: unga wa uji, karanga za kukaanga, mahindi ya kukaanga, sukari guru kama unaipata. Woodstock chakula kiliisha, wenyeji wa jirani ikabidi wapike na kugawa mikate. Mtu mwenye karanga kwenye mfuko saa kumi usiku anapata marafiki kwa lugha zote. Na hapo tena watu wa huku hatuna woga: sokoni Haydom Mhadzabe, Mdatoga, Mwiraqw na Mnyiramba wanauziana bila kuwa na lugha moja ya mama. Kambini jirani yako wa kushoto atakuwa Mkongo, wa kulia Mwingereza. Salimia kwanza.

Wazazi wangu, neno moja na ninyi. Mnasikia mambo ya tamasha lile, na si uzushi wote. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alilipiga marufuku kisha ruhusa ikatoka. Mwaka 2022 bunge lao nalo likajaribu kulizuia, lakini tamasha likafanyika tena kwa masharti. Pombe ipo, kila kitu kipo. Mzazi anaweza kukataa, ni haki yake. Lakini kijana wa miaka 24 mwenye nauli yake atakwenda, na yule aliyekatazwa kwa ukali anafungasha usiku kwa siri, haraka, bila chandarua na bila kadi ya njano, na akikwama Busia hatapiga simu nyumbani. Kama ataondoka vyovyote, bora begi lifungwe sebuleni mbele yenu. Mama ndiye atakayekumbuka sindano na uzi.

Na wewe unayekwenda, kinywaji chako usikiache mezani ukacheze, hata kama ni maji.

Mkirudi, hema msilikunje bichi mkaliweka stoo; litaoza na ukungu. Lianikeni juani siku nzima. Halafu mhesabu wiki nne. Malaria haikupati njiani. Mara nyingi huja kuanzia siku ya 7 na kuendelea, wakati umesharudi shambani na umesahau. Ukipata homa, kichwa, maungo kuuma, usinywe panadol ukasema ni mafua ya Mbulu. Nenda kituo cha afya ukapimwe siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa huku daktari hategemei kuiona malaria kwa mtu wa Dongobesh, usisubiri akuulize. Mwambie mwenyewe, ukiwa bado mlangoni: nimetoka Jinja.